Mashua ya vita iliyoitwa Mimi



Kama umekwisha kusafiri kwa barabara toka Likasi kwenda Kolwezi, umepita Fungurume. Siku hizi watu wanaijua Fungurume juu ya shaba na kobalti, na juu ya malori makubwa yanayojaza barabara. Lakini nikikuambia kwamba pale Fungurume palipita mashua mbili za vita, tena si majini bali kwenye nchi kavu, zikivutwa kupanda milima, utasema nini? Pengine utasema pasta anatupima akili. Mimi pia, nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza, nilicheka. Pale hakuna bahari wala ziwa. Kumbe ni jambo la kweli kabisa. Lilitokea mwaka 1915, na picha zake zipo.

Mwezi huu nataka kukusimulia namna mimi na vijana 19 wa kanisa letu tulivyotengeneza kwa mbao mfano mdogo wa mojawapo ya mashua hizo, tukaupaka rangi, na namna kazi ile ilivyotufundisha jambo ambalo hatukulitafuta. Nitakueleza pia kazi yenyewe ya mikono, hatua kwa hatua, ili nawe ukitaka uifanye nyumbani pamoja na watoto wako.

SAFARI YA AJABU

Kwanza tuelewe habari yenyewe. Vita kuu ya kwanza ya dunia ilianza mwaka 1914. Upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika ilikuwa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Upande wa magharibi, ndio wetu, ulitawaliwa na Wabelgiji. Mwezi wa nane wa mwaka ule Wajerumani waliishambulia meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, wakaiharibu. Toka hapo ziwa likawa mikononi mwao. Walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande toka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Ndiyo ile ambayo baadaye watu wa ziwa waliijua kwa jina la Liemba.

Waingereza wakakata shauri la kupeleka ziwani mashua mbili ndogo zenye mbio. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 12 hivi, na upana wa meta 2 na nusu kasoro kidogo. Miili yake ilikuwa ya mbao za akaju, ule mti ambao vitabu vya Kiswahili vinauita mkangazi. Mbele iliwekwa mzinga mdogo, nyuma bunduki ya mashine aina ya Maxim. Mkuu wa safari, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa wake wa jeshi la majini wakakataa, wakaona ni mchezo. Basi akaleta majina mengine, Mimi na Toutou, nao wakayakubali. Kumbe ni yale yale! Ninyi mliosoma Kifaransa mnajua: ndivyo watoto wadogo wa Ufaransa wanavyoita paka na mbwa. Lakini sisi watu wa Kiswahili, tukisikia jina Mimi, tunasikia neno lingine kabisa. Shika hilo, tutalirudia.

Mwezi wa sita mwaka 1915 mashua zilipakiwa melini Uingereza, zikapelekwa mpaka Cape Town, kule kusini kabisa mwa Afrika. Toka Cape Town zilipanda gari la moshi mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mbele mpaka Fungurume. Hapo zikateremshwa, kwa sababu reli ya kwenda Bukama ilikuwa haijamalizika. Ilifika kule mwaka 1918 tu. Toka Fungurume ilibidi zivutwe kwenye nchi kavu kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zaidi ya kilometa 200, na mahali pengine kupanda mpaka zaidi ya meta 1,800. Toka Sankisia gari dogo la moshi liliziteremsha Bukama. Toka Bukama mto Lualaba mpaka Kabalo. Toka Kabalo reli tena mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo.

Ile sehemu ya kuvuta toka Fungurume mpaka Sankisia ilichukua karibu majuma sita. Ndiyo sehemu tuliyoitengeneza sisi.

"PASTA, HII NI VITA?"

Wazo lilinijia wakati wa vakanse kubwa. Wazazi wanaoishi kwenye miji ya migodi wananielewa. Mtoto akikosa kazi miezi miwili, shimo linamwita. Anaona wakubwa wake wanaenda na koleo na gunia, wanarudi na franka kidogo, naye anasema: shule ni ya nini? Nilikuwa na vijana wa miaka 12 mpaka 17 ambao kila asubuhi walikaa mbele ya lupango ya kanisa bila jambo la kufanya. Mimi mwenyewe, nilipokuwa shule ya Biblia, mchana tulifanya kazi ya useremala ili tupate chakula, kwa hiyo rabo na msumeno si wageni kwangu. Na katika kanisa letu kuna muzee mmoja, seremala wa zamani, ambaye macho yamepunguka lakini mikono bado inajua. Nikamwomba, akakubali.

Siku ya posho iliyofuata nikawaambia vijana habari ya mashua za Fungurume, nikawaonyesha picha. Walishangaa. Mmoja akasema mwalimu wake hakuwahi kutaja jambo hili hata siku moja.

Lakini si watu wote walifurahi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alikuja kwangu jioni. Akasema: "Pasta, hii ni vita? Batoto ba Congo balisha kuona bunduki za kutosha. Na sasa kanisa njo inabafundisha kutengeneza ingine?"

Ndugu msomaji, sikumjibu upesi, kwa sababu alisema kweli. Katika nchi yetu bunduki si kitu cha kuchezea. Nilikaa na maneno yake siku mbili. Nyuma yake nikawaita vijana, nikawaeleza shauri la mzee, tukafanya sheria moja: mfano wetu hautachezewa vita. Hakuna mtu atakayesema "paa! paa!" nao. Tunautengeneza ili tujue jambo lililopita kwenye nchi yetu, na ni nani aliyelipa bei yake. Yule mzee akasikia, akatikisa kichwa, akasema: "Tutaona."

MWILI WA MASHUA

Kazi ya mfano inaanza na kipimo. Sisi tulichagua kugawanya kila kitu kwa 20. Mashua ya meta 12.20 ikawa sentimeta 61. Upana wake ukawa sentimeta 12. Mtu wa meta 1.70 akawa sentimeta 8 na nusu. Kama hujachagua kipimo kimoja na kukishika mpaka mwisho, utapata mashua ya paka na watu wa tembo. Vijana waliochukia hesabu shuleni walipiga hesabu hizi wenyewe, bila fimbo.

Mwili hatukuuchonga katika gogo moja. Tulichukua mbao nne za unene wa sentimeta 2, tukazipanga moja juu ya nyingine kama mikate. Kwenye kila ubao tulichora umbo la mashua ikitazamwa toka juu: ubao wa chini mwembamba, wa juu mpana. Tukakata kwa msumeno mdogo. Mbao mbili za katikati tulizitoboa ndani, tukaacha ukingo tu, ili mfano usiwe mzito na mbao zipate nafasi ya kupumua. Halafu kole nyeupe ya mbao, tukafunga kwa kamba ya mpira wa baisikeli, tukaweka matofali juu, tukaacha mpaka kesho yake.

Hapo mfano unafanana na ngazi, si mashua. Sasa kazi ya kweli inaanza: kuondoa ngazi zile kwa rabo, kwa tupa, kwa kisu. Hatari ni kwamba mkono wa kuume una nguvu kuliko wa kushoto, na mashua inatoka imepinda. Muzee seremala alitufundisha dawa yake. Chukua kartoni, kata umbo la ubavu mmoja wa mashua. Pima upande wa kuume, geuza kartoni ile ile, pima upande wa kushoto. Pahali kartoni inapogusa, punguza. Pahali mwanga unapopita, acha. Yeye haoni vizuri tena, kwa hiyo alipima kwa vidole, na vidole vyake vilikamata makosa ambayo macho ya vijana hayakuyaona.

Mwisho ni msasa. Anza na ule wenye mchanga mkubwa, namba 80, fuata 120, maliza na 240. Piga kwa kufuata nyuzi za mti, si kwa kuzikata.

KOSA LANGU

Sasa nikueleze aibu yangu. Muzee aliniuliza toka mwanzo: "Pasta, hii mbao ilikauka?" Niliinunua sokoni kwa bei ndogo, ilikuwa bado na harufu ya mti mbichi. Nikasema itakauka njiani. Nilikuwa na haraka, nilitaka mfano uonekane kwenye sikukuu ya vijana mwisho wa mwezi wa nane. Yule muzee akanyamaza. Wazee wetu wakinyamaza hivyo, kijana, simama ufikiri. Mimi sikusimama.

Juma la tatu mwili ulikuwa umekwisha kulainishwa, mzuri, unang'aa. Tukauweka karibu na dirisha. Siku ya posho tulipofungua mlango, tukauona umepasuka toka mbele mpaka katikati, ufa wa kuingiza kidole. Ni kiangazi, hewa kavu, mbao mbichi imejikunja. Kazi ya majuma matatu! Vijana wawili walilia. Mmoja akasema kwa hasira: "Afazali ningeenda ku shimo, pale ukichimba unapata kitu."

Niliwaambia mbele ya wote kwamba kosa ni langu, kwamba niliulizwa na sikusikia. Nadhani wengine hawakuwahi kusikia mtu mkubwa akisema hivyo. Muzee hakunicheka. Alisimama tu, akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na kiti kirefu cha zamani kilichovunjika mguu, kimekaa chini ya paa miaka mingi. Akakigonga kwa kidole, kikalia kama ngoma. "Hii njo mbao," akasema. Tukaanza upya. Safari hii tulimaliza kwa siku nane, kwa sababu mikono ilikuwa imejua.

Mzinga tuliufanya kwa msumari mrefu uliokatwa kichwa. Hapa vijana walijifunza jambo: mzinga wa Mimi ulipaswa kupigwa kuelekea mbele tu. Kama ungepigwa ubavuni, mwili wa mashua usingevumilia nguvu zake. Mbao ni mbao. Aliyebeba silaha kubwa kuliko mwili wake, silaha yenyewe inaweza kumvunja.

RANGI

Watu wengi wanaharibu mfano mzuri wakati wa rangi, kwa sababu wanafikiri rangi inaficha makosa. Rangi haifichi, inayaonyesha. Kwanza futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka rangi ya kwanza nyepesi sana, mti uinywe. Ikikauka utaona nyuzi zimesimama kama ndevu; piga msasa 240 polepole. Halafu paka mara tatu, nyembamba nyembamba, kila mara ukiacha siku nzima. Mara tatu nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito, maana rangi nzito inateremka kama machozi na kujaza kona zote.

Katika kiangazi cha kwetu adui ni vumbi. Sisi tulipaka asubuhi mapema kabla ya upepo, tukanyunyizia maji sakafuni, tukatundika shuka mlangoni.

Tulichagua kijivu, rangi ya meli nyingi za vita za wakati ule. Kijivu cha dukani kilikuwa kizito, na mfano ukaonekana kama kipande cha chuma. Tukaongeza nyeupe kidogo. Sababu yake ni hii: kitu kikiwa mbali, rangi yake inapauka machoni. Mfano mdogo ni kama kitu unachokitazama toka mbali, kwa hiyo rangi yake ipunguzwe nguvu. Tena usitumie rangi inayong'aa sana, itafanana na mchezo wa watoto wachanga.

Na kwa kuwa mashua yetu haikuwa majini bali kwenye barabara ya Mitumba, kijana mmoja alichukua udongo mwekundu mkavu, akauchekecha kwa kitambaa, akaupaka kwa brashi kavu kwenye tumbo la mashua na kwenye magurudumu ya kigari kilichoibeba. Mara moja mashua ikawa ya kwetu. Mtu yeyote wa Katanga akiliona vumbi lile analijua.

NA BALE BENYE KUVUTA?

Siku tuliyomaliza tuliweka mashua juu ya meza. Mbele yake tuliweka trekta ya mvuke tuliyoitengeneza kwa mikebe ya maziwa, maana matrekta mawili ya namna hiyo yaliletwa kuvuta. Vijana walipiga makofi. Nikaomba tushukuru Mungu. Mbele sijafumba macho, kijana mmoja wa miaka 15, mtu wa maneno machache, akanyosha mkono.

"Pasta, na bale benye kuvuta, beko wapi?"

Nilimjibu: trekta ni hii hapa. Akasema: "Hapana, Pasta. Bantu."

Ndugu msomaji, yeye alikuwa ameitazama picha kuliko mimi. Matrekta yalikwama mara nyingi. Palipokuwa na mlima mkali, ng'ombe makumi waliongezwa, na kamba na kapi zilifungwa kwenye miti. Mbele ya hayo yote, mamia ya watu wa nchi hii walikuwa wametangulia kukata miti, kuondoa mawe, na kutengeneza njia. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo. Maji yalipokosekana kwa matrekta ya mvuke, wanawake wa vijiji waliyabeba vichwani toka mbali. Matrekta yalikunywa maji yale, na mashua zikasonga. Na kwenye Lualaba, wakati wa maji machache, mashua zilikwama kwenye mchanga mara kwa mara, na watu wakaingia mtoni kuzisukuma.

Haya yote niliyasoma. Niliyajua, na bado nilitengeneza mashua na trekta tu. Kijana akaendelea, sauti chini: "Baba yangu alikufia mu shimo. Kazi iliendelea. Hakuna mutu aliandika jina yake."

Hakuna aliyesema neno. Muzee seremala akatafuta kisu chake kwa mkono, akakichukua, akauliza: "Mutu mumoja ni sentimeta ngapi?"

Tulifanya kazi majuma mengine matano, hata baada ya shule kufunguliwa. Kila kijana alichonga watu watatu, tukapata 57. Ng'ombe tuliwafinyanga kwa udongo wa kichuguu, kama watoto wetu wanavyojua. Mashua ikahama toka mezani, tukaipanga yote juu ya mlango mzee wa kanisa wenye urefu wa meta mbili, umeinuliwa upande mmoja uwe mlima. Ukitazama sasa, mashua ni kitu kimoja kati ya vingi. Yule kijana alimchonga mtu mmoja mwenye kofia, amekamata kamba mbele kabisa. Hakutuambia ni nani, nasi hatukumwuliza.

Wanawake wenye mitungi tuliwapaka wote rangi moja, kwa sababu kijivu kilibaki kingi. Mama mmoja mzee akaja kutazama nyuma ya ibada. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akageuka kwa ukali: "Nani alibaambia asema bamama bote balivaa kitambala moja?" Tukaona haya. Wasichana wakaomba mabaki ya rangi kila nyumba: nyekundu ya mlango, bluu ya dirisha, manjano ya baisikeli. Kila mama akapata kitambaa chake. Brashi ilikuwa kubwa kwa kazi ile, wakatumia kijiti cha meno. Hii ndiyo sehemu ya mfano ambayo watu wote wanaikaribia kwanza, mashua wanaiona baadaye.

MWISHO WA SAFARI

Mashua zilifika ziwani mwezi wa kumi 1915. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili zilipigana na Kingani, zikaishinda na kuikamata. Waingereza wakaitumia wao wenyewe, wakaiita Fifi. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi wa saba mwaka ule Wajerumani waliiacha Kigoma, na kwanza waliizamisha wenyewe ile Graf von Götzen ili isichukuliwe. Miaka ya nyuma ikainuliwa, ndipo ikawa Liemba.

Tunayajua majina ya meli zote. Tunamjua mkuu wa safari. Lakini katika yote niliyosoma juu ya safari hii, jina la mvutaji mmoja wa Mitumba, au la mama mmoja aliyebeba maji, sijalikuta. Mashua iliitwa Mimi, na waliyoivuta ni sisi.

Sisemi hivi ili tuwachukie watu waliokufa zamani. Nasema ili tujitazame. Katika Biblia, kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kuna orodha ndefu ambayo wengi tunairuka tukisoma: nani alijenga kipande gani cha ukuta, mtu na wana wake, na hata mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Nilipokuwa mwanafunzi niliona sura ile inachosha. Sasa naipenda, kwa sababu mwandishi wake alijua kwamba ukuta hauna maana kama humjui aliyebeba mawe.

Mwisho tuliwapa vijana kazi ya nyumbani. Kila mmoja aulize wazazi na wazee wake: katika familia yetu, ni nani alivuta, alibeba, alichimba, na jina lake halikuandikwa popote? Walileta majina 41. Wengine walijenga reli, wengine walifanya kazi chini ya ardhi, wengine walibeba mizigo ya askari. Tuliyaandika kwa rangi nyeupe kwenye ukingo wa ule mlango, pande zote. Sitayachapa hapa, ni ya familia zao. La kwanza ni la baba ya yule kijana. Aliliandika mwenyewe, na mkono haukutetemeka.

Mfano uko katika chumba cha watoto cha kanisa letu. Yule mzee aliyesema "tutaona" alikuja pia. Alizunguka mlango mara mbili, akasoma majina, akaenda bila neno. Siku ya Mungu iliyofuata aliniletea kikaratasi chenye jina la babu yake, akauliza kama nafasi bado iko. Nafasi ilikuwapo. Lakini alisema tena kwamba ule mzinga tungeufanya mdogo zaidi.

NYUMBANI KWAKO

Baba, mama, kama unataka kuanza, usitafute pesa nyingi. Tafuta mbao iliyokauka miaka, msumeno mdogo, kole, msasa wa namna tatu, mikebe miwili ya rangi na kisu kizuri. Kisu kikae mkononi mwa mkubwa mpaka mtoto aonyeshe akili. Na ukiwa na muzee anayejua kazi, mketishe karibu, na akikuuliza swali, simama.

Kijana, usiseme huna ukoo wa habari. Maswali haya matatu muyazungumze nyumbani jioni moja, au katika kikundi cha vijana:

1. Barabara, reli au shimo lililo karibu nanyi, ni nani waliolifanya? Kuna mzee anayekumbuka jina lao?

2. Katika nyumba yenu, ni nani anayebeba maji ya "trekta" kila siku na hakuna anayemtaja?

3. Umewahi kuulizwa na mkubwa, "mbao imekauka?", nawe ukaendelea kwa haraka? Nini kilipasuka?

Andika majibu kwenye daftari, si kichwani tu. Kichwa kinakufa nasi, daftari linabaki.

Mungu awalinde, na kazi ya mikono yenu iendelee vizuri.